Sarafu za zamani na hewa ya pwani: jinsi ya kuzitunza zisikuharibikie

Bibi mzaa baba aliniachia rupia nne za Mjerumani, zile sarafu za fedha za enzi ya ukoloni wake. Na yeye alizirithi kwa mama yake, na miaka yote hiyo zilikaa kwenye kipande cha kanga kilichofungwa fundo, chini kabisa ya sanduku la nguo, nyumbani Tanga. Zilipofika mikononi mwangu zilikuwa zimefifia weusi-weusi tu, Kaiser Wilhelm, mfalme wao, na kofia yake yenye ndege tai anaonekana vizuri mpaka masharubu. Mi kwa ujanja wangu nikasema hivi vitu sio vya kukaa kwenye kitambaa, nikanunua albamu ya plastiki, ile laini inayonukia kama pazia jipya la bafuni, nikazipanga, nikaweka juu ya kabati nikasahau. Miaka mitatu baadaye nafungua, Kaiser ana ute wa kijani usoni, ukigusa unanata kama sukariguru iliyopata unyevu. Yaani kanga ilizitunza zaidi ya nusu karne, albamu ya kununua ikazifanya vile kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo watu wakiniuliza habari za kutunza sarafu, na wengi wanaanza kwa kuuliza wezi, mi huwa naanza na plastiki. Halafu hewa. Mwizi anaweza asije maisha yako yote, ila hewa ya pwani inakuja kila siku, ina joto, ina unyevu na ina chumvi. Na sio sisi tu iliotushinda. Mwaka 1907 na 1908 Waingereza walitoa senti moja na nusu senti za aluminiamu kwa ajili ya himaya zao za Afrika Mashariki na Uganda, nyepesi kama kizibo cha soda, hali ya hewa ya huku ikazila, ilipofika 1909 senti hizo zikawa za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kama serikali nzima ilinyoosha mikono, we na kabati lako la chumbani inabidi ujipange.

Kabla ya yote: usisafishe. Najua mkono unawasha. Huku kwetu mtu akiona shaba imefifia anawaza ukwaju na majivu, au limao, au dawa ya meno, au ile dawa ya kung'arishia vishikio vya milango. Sinia la shaba sawa, sugua tu, sarafu hapana. Asidi ya ukwaju inakula ngozi ya juu ya shaba na majivu yanakwaruza, sarafu inatoka inang'aa rangi ya waridi kama kidonda kibichi, na mnunuzi anayejua akiiona tu anashusha bei, mara nyingi nusu au chini ya hapo, au anakurudishia kabisa. Ule weusi wa fedha na ule ukahawia wa shaba ndio ngozi ya sarafu yenyewe, imeota taratibu na inaikinga. Ukiitoa hairudi vile ilivyokuwa. Heller yenye rangi ya kahawa ya mtungi iache hivyo hivyo (na ndio, neno letu hela limetoka kwenye hizo hizo Heller za Mjerumani, zilianza 1904, mia moja kwa rupia moja, kabla ya hapo ilikuwa pesa 64).

Sasa plastiki. Plastiki mbaya ni PVC, ile laini inayokunjika kama ngozi. Yenyewe kwa asili ni ngumu, wanaichanganya na mafuta fulani ya kuilainisha, na kwenye joto yale mafuta yanatoka polepole yanapaka sarafu, na plastiki yenyewe ikianza kuchoka inatoa asidi ya hidrokloriki. Rupia ni fedha asilimia 91.7, kinachobaki ni shaba, asidi ikiikuta ile shaba ndio unaona ute wa kijani. Mikoa ya baridi hili jambo linaweza kuchukua miaka mingi, huku kwetu chini ya bati la moto linakimbia.

Utaijuaje? Kwanza pua, harufu ya pazia la bafuni au ya mpira wa kuchezea wa mtoto. Pili kama imechapwa ile pembetatu ya mishale angalia namba ndani yake, 3 ndio PVC, ikimbie. 1 ni poliesta, 2 na 4 ni polithini, 5 ni polipropilini, 6 ni polistairini, hizo hazina neno. Tatu, kama haina alama wala harufu, kuna jaribio la waya ambalo mi nalifanya uani. Chukua waya wa shaba uliovuliwa ngozi, ushike kwa plaizi, uweke kwenye moto wa jiko la gesi mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na rangi yoyote ngeni. Uguse kwenye kipande kidogo cha ile plastiki, kiyeyukie kidogo kwenye ncha, halafu rudisha motoni. Moto ukiwaka kijani kibichi cha kung'aa, humo kuna klorini, na plastiki ya albamu yenye klorini ni PVC tu. Fanya nje, simama upande upepo unakotoka, huo moshi sio wa kuvuta. Siku ya kwanza nilipoijaribu ile albamu yangu moto ulikuwa kijani kama taa ya barabarani, nikakaa chini.

Kama sarafu zako tayari zina huo ute, hapa ndipo pekee nnaporuhusu kimiminika, na ni asetoni safi, sio ile ya kutolea rangi ya kucha yenye marashi na mafuta ndani. Tafuta duka linalouza kemikali za maabara. Mimina kwenye bilauri ya kioo, kamwe sio kikombe cha plastiki, tumbukiza sarafu, funika na kisahani, iache kama nusu saa, geuza, kisha hamishia kwenye asetoni nyingine safi ili ule uchafu ulioyeyuka usijipake upya. Usisugue, ute wenyewe unaachia. Itoe kwa kushika ukingo, iweke kwenye kitambaa laini, itakauka yenyewe kabla hujamaliza kupiga chafya. Madirisha wazi, na jiko, sigara na ubani viwe mbali kabisa maana asetoni inawaka kwa mvuke wake tu. Asetoni haili chuma, inaondoa mafuta na plastiki basi, ila pale asidi ilipokwisha kuchimba, shimo linabaki. Rupia zangu tatu zilitoka salama. Ya nne Kaiser ana vidonda shavuni kama aliugua ndui, na hivyo ndivyo atakavyokaa.

Vya kuwekea ambavyo naviamini ni vitatu. Cha kwanza kapsuli, vile vidude vya duara vya plastiki ngumu angavu ya akriliki vinavyofungika kwa kubana, unanunua kwa kipimo cha milimita kwa hiyo pima kwanza sarafu yako, ikicheza ndani itakwaruzika na ikibana utaivunja ukiitoa. Sarafu nzuri nzuri zote ziweke humo. Cha pili vifuko vya poliesta, vigumu kidogo, vinalia kama karatasi ya pipi ukivikunja, na vinavunjika haraka kwenye mkunjo lakini havitoi sumu. Cha tatu ni zile holda za kadibodi zenye dirisha la karatasi angavu ya poliesta, unakunja juu ya sarafu unapiga pini za stepla. Hizi ni rahisi na unaweza kuandika maelezo juu yake, ila pini zake ni ugonjwa. Piga pini mbali na dirisha, kisha chukua plaizi uzibonyeze zote zilale bapa, maana ile ncha inayojitokeza nyuma ndiyo itakayokwaruza sarafu ya jirani ukizipanga boksini. Siku ukitaka kutoa sarafu ng'oa pini zote kwanza, usiivute itoke pembeni, nimeshaona mtu kaburuza shilingi safi ya 1921 juu ya pini, mstari kutoka sikio la mfalme mpaka shingoni. Na kwa Tanga au Mombasa au Unguja pini zinaota kutu, kwa hiyo zikague.

Raba bendi, magazeti, bahasha za kaki, seloteipu, sifongo la manjano lile la magodoro: vyote hivyo weka mbali. Raba ina salfa na salfa ndiyo inayoigeuza fedha kuwa nyeusi, nimewahi kuona sarafu yenye mstari mweusi katikati mahali palipopita raba bendi, utadhani imechorwa kwa kalamu. Mbao pia sio zote rafiki, kabati jipya la mbao zinazonukia kali au la ubao wa kubandika kwa gundi linatoa mvuke wa asidi, likifungwa usiku kucha mvuke unabaki humo humo na sarafu zako. Nafutalini za kufukuza mende usitie kwenye boksi la sarafu hata moja, mvuke wake unalainisha baadhi ya plastiki.

Tuje kwenye unyevu, na hapa ndipo kazi ilipo. Nunua kale kasaa kadogo ka kupima unyevu, ni kitu cha bei ya mlo wa mchana mzuri. Mi niliweka kangu chumbani mwezi wa nne masika yamekolea, kakaonyesha asilimia 84. Kwa sarafu unataka chini ya 50, na kama una shaba ya zamani ukifika 40 ni vizuri zaidi. Huwezi kukausha chumba kizima ila unaweza kukausha boksi. Kwa hiyo tafuta kontena la kuwekea chakula, polipropilini namba 5, lenye mfuniko wa kubana pande nne na mpira mweupe wa silikoni. Humo panga kapsuli na holda zako, weka silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, weka na ule mpimaji ndani pale unapoweza kumsoma kwa nje bila kufungua, funga. Kwangu usiku mmoja ulishuka kutoka 80 na kitu mpaka 45, kesho yake 38.

Silika jeli ya kununua kwa uzito ni bora kuliko vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu, maana vile vikishakaa wazi vimeshashiba, unaweka kitu kilicholowa ukidhani kimekauka. Chukua ile yenye rangi ya chungwa, ikishiba inageuka kijani, unaiona kwa macho. Kuirudisha uhai, itandaze kwenye trei, oveni kama digrii 120, saa mbili hivi, rangi inarudi. Asiye na oveni hutumia kikaango kikavu moto mdogo na kukoroga, inakubali, ila taratibu maana ikiungua imekufa. Kuna nyingine ya bluu inayogeuka pinki, ile ina kobalti ndani, hiyo mi siipeleki kwenye chombo cha jikoni. Ile ya chungwa ikishakauka iache ipoe kwenye chupa iliyofungwa kisha irudishe kwenye boksi ndani ya kifuko cha kitambaa, isigusane na sarafu, vumbi lake linakwaruza. Mchele? Unasaidia kidogo sana, na unaita sisimizi na fukusi. Pika ule.

Mahali pa kuweka hilo boksi: ndani ya kabati, ukuta wa ndani ya nyumba sio ule unaopigwa na mvua, mbali na bafu na jiko, na sio juu ya dari chini ya bati maana mchana ni tanuri na usiku panapoa, na kupanda kushuka huko ndiko kunakoleta umande. Friji ndio kabisa, ukitoa sarafu tu inatoka jasho kama chupa ya soda. Kama una chumba chenye eisii inayowashwa na kuzimwa hovyo, bora chumba kisicho nayo.

Sefu je? Sefu ni nzuri kwa mwizi, lakini zile zisizoungua moto zina kuta zilizojazwa kitu kama saruji au gipsam chenye maji ndani yake makusudi ili moto ukija yatoe mvuke. Hayo maji yanavuja kidogo kidogo hata bila moto, kwa hiyo ndani ya sefu panaweza kuwa na unyevu kuliko sebuleni. Boksi la plastiki na silika liingie ndani ya sefu, sio sarafu peke yake.

Kila chuma kina shida yake. Dhahabu haikusumbui sana, ila ni laini, kuikwaruza ni dakika. Fedha inaogopa salfa, na kumbuka shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ya 1921 mpaka 1946, ni fedha robo tu, iliyobaki ni vyuma vya bei ndogo, kwa hiyo itunze kama shaba kuliko kama fedha. Za sasa kama mia tano ya nyati ya 2014 au shilingi moja ya Kenya ya 2018 yenye twiga ni chuma kilichopakwa nikeli, sumaku inazidaka, na pakichubuka tu kutu inaanzia hapo, kwa hiyo ukipata mpya kabisa iweke kapsuli siku hiyo hiyo. Shaba ndiyo yenye roho nyepesi. Pesa ya Zanzibar ya 1299 Hijria, ile yenye mizani, nyingi zina kijani. Kijani kigumu laini cha kung'aa kama yai la kunguru hakina neno. Kijani mpauko, cha unga, ukigusa kwa kijiti cha meno kinamomonyoka na chini yake pana shimo, hiyo ni chumvi inaendelea kula. Itenge peke yake kwenye boksi lenye silika nyingi, unyevu ukishuka inalala. Wengine wanailoweka kwanza wiki kadhaa kwenye maji ya betri, yale ya kuongezea, soma chupa vizuri maana nyingine ni asidi, wakibadilisha kila baada ya siku chache ili chumvi itoke. Maji ya bomba ya pwani usitumie, nayo yana chumvi yake.

Kushika: nawa mikono kwa sabuni, kausha, shika ukingo kwa vidole viwili, kamwe sio uso. Jasho la huku lina chumvi na alama ya dole inajitokeza baada ya miezi, hapo huifuti tena. Kaa juu ya taulo nene sio juu ya marumaru, zikianguka zianguke kwenye laini. Na usiongee huku umeinamia sarafu, tone la mate likidondoka linaacha doa dogo jeusi. Marafiki zangu wakija kuangalia wananiona nimekaa kimya wanadhani nimenuna.

Halafu andika. Kila sarafu ipige picha mbele na nyuma, pima uzito kwa mizani ndogo ya kisonara inayosoma mpaka 0.01, andika umeipata wapi na lini. Rupia ya Mjerumani ni gramu 11.66, shilingi ya simba 7.78, reale ya Maria Theresa ya 1780 ni 28.07, ukipata iliyo nje sana ya hapo uliza maswali kabla ya kutoa pesa. Hizo picha na daftari visikae boksi moja na sarafu, weka nakala kwenye simu na kwa mtu mwingine. Na huyo mtu awe wa nyumbani, ajue zile ni nini na zina thamani gani, maana wakusanyaji wengi wanaficha mpaka kwa wake zao, mtu akiondoka watoto wanakuta kontena la vyuma wanaliuza kwa kilo kwa mnunuzi wa skrepa, au kijana anachukua zile zenye tundu anatengeneza kidani.

Kitu kimoja cha pembeni: kama umeokota sarafu ndogo za shaba zenye maandishi ya Kiarabu kwenye magofu au ufukweni upande wa Kilwa, hizo zinaweza kuwa za masultani wa zamani na Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayolinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Usizisafishe, usichimbe zaidi, andika mahali ulipozikuta na upeleke taarifa kwa watu wa mambo ya kale au makumbusho.

Kukagua mi nafanya mara mbili kwa mwaka, masika yakiisha na vuli zikiisha, siku ya jua saa nne hivi asubuhi hewa ikiwa imekauka kidogo. Nasoma kipimo kabla ya kufungua, naangalia pini, naangalia kila kapsuli kwa tochi ya simu nikiilaza upande ili doa jipya litupe kivuli, natoa silika naibadilisha na iliyokaushwa, nafunga, dakika ishirini basi. Silika ikigeuka kijani kabla mwezi haujaisha wala usiilaumu, mfuniko ndio haubani: weka karatasi ndogo ukingoni, funga, vuta, pale inapochomoka bila kugoma ndipo panapopitisha hewa. Nunua boksi jingine.